Foleni mlangoni, droo tupu: kisa cha Ben na Jerry

Katikati ya kiangazi cha 1978, msimu ambao muuza aiskrimu anatakiwa kuvuna, vijana wawili wa mji wa Burlington, jimbo la Vermont nchini Marekani, walifunga duka lao kwa siku nzima. Lilikuwa na miezi miwili tu tangu lifunguliwe. Mlangoni walibandika tangazo la kuwaarifu wateja kwamba wamefunga ili wapige hesabu, wajue kama wanapata faida au hawapati. Wateja walikuwepo na foleni ilikuwepo. Pesa ndiyo haikuonekana.

Vijana hao ni Ben Cohen na Jerry Greenfield. Kampuni yao, Ben & Jerry's, ilinunuliwa na Unilever mwaka 2000 kwa dola milioni 326. Huo mwisho ndio unaosimuliwa kila mahali, na kwa mtu anayetaka kufungua kibanda cha juisi Mbagala au meza ya chipsi Kisauni hauna msaada wowote. Chenye msaada ni miaka miwili mitatu ya mwanzo, na hasa lile swali la siku ya kufunga mlango: inakuwaje duka lijae watu halafu mwenye duka akose hela?

Tuanze na namna walivyoingia kwenye aiskrimu, maana hawakuipania.

Walikuwa marafiki tangu shuleni, wamekulia Merrick, Long Island, pembeni ya jiji la New York, wote wa mwaka 1951. Jerry alimaliza chuo akaomba nafasi ya kusomea udaktari, akakataliwa. Akaomba tena, akakataliwa tena. Ben aliacha chuo katikati, akawa anafundisha ufinyanzi. Walipokaribia miaka ishirini na saba waliamua kufanya biashara pamoja, na kwa kuwa kitu walichokuwa na uhakika nacho ni kwamba wote wanapenda kula, wakasema iwe chakula. Wazo la kwanza lilikuwa beigeli, ile mikate ya mviringo yenye tundu katikati ambayo watu wa New York huila asubuhi. Wakaulizia bei ya mashine. Haikushikika. Wakageukia aiskrimu kwa sababu vifaa vya kuanzia vilikuwa nafuu.

Nakaa hapo kidogo kwa sababu huku kwetu mara nyingi tunakwenda kinyume. Mtu anapenda wazo kwanza, labda kaona mgahawa wa mwenzake Instagram, ndipo anaanza kutafuta mtaji wa kulilisha hilo wazo: mkopo huku, kikoba kule, kiwanja cha baba kinawekwa rehani. Hawa wawili walishika kwanza walichonacho mfukoni, wakauliza kinatosha kuanzisha nini. Beigeli ikaondoka bila machozi.

Hawakujua kutengeneza aiskrimu. Walijiandikisha kozi ya kusoma kwa posta ya Chuo Kikuu cha Penn State, ada dola 5, wakachangiana. Mitihani yake ilikuwa ya kufungua kitabu. Walinunua pia vijitabu vya serikali kuhusu biashara ndogo, vya senti 20 kimoja. Mpango wa biashara waliuchukua kwa mtu wa piza: kila penye kipande cha piza wakaweka koni ya aiskrimu.

Watu huwa wanacheka wakisikia hilo la piza. Mimi sicheki sana. Mpango wa mtu ambaye ameshafanya kazi una mistari ambayo mgeni hawezi kuifikiria: umeme, kuharibika kwa vyombo, mshahara wa anayeosha sakafu. Ukiunakili, angalau mistari hiyo unaikuta. Tatizo ni kwamba kipande cha piza kinakatwa na kisu, nane kwa duara, kila mtu anaona. Koni ya aiskrimu inachotwa na mkono. Kiasi gani kinaingia kwenye koni moja, mpango wa piza hauwezi kukwambia. Na humo ndimo pesa yao ilimokuwa inapotelea.

Mtaji ulikuwa dola 12,000, ambazo 4,000 kati yake zilikuwa za mkopo. Usidanganywe na udogo wa tarakimu. Dola 12,000 za 1978 ni zaidi ya dola 50,000 za leo. Si mtaji wa genge. Lakini kwa kufungua duka Marekani ulikuwa mwembamba, na wembamba wake ndio uliowapeleka kwenye jengo lisilotakiwa na mtu, kituo cha mafuta kilichoachwa kwenye kona ya mitaa ya St. Paul na College. Walilikarabati wenyewe. Mashine yao ya aiskrimu ilikuwa ya mtindo wa zamani, ya kupoza kwa barafu na chumvi ya mawe. Tarehe 5 Mei 1978 wakafungua.

Kwa nini Burlington? Walitaka mji wenye chuo, maana wanafunzi hula aiskrimu, na usiokuwa na duka la aiskrimu ya kutengenezwa hapo hapo. Miji ya joto yenye vyuo ilikuwa imeshachukuliwa. Walipokuwa wakiishi Saratoga Springs, jimbo la New York, waliufikiria mji huo, ila mwingine akawawahi. Burlington ulikuwa na Chuo Kikuu cha Vermont na haukuwa na duka la namna hiyo. Nafasi ikiwa wazi, uliza kwanza imeachwa wazi na nini. Burlington iko karibu na mpaka wa Kanada, na kuanzia Desemba mpaka Machi theluji imejaa barabarani. Hilo walilijua na wakaingia hivyo hivyo. Silaumu, kwa sababu kujua udhaifu wa eneo lako ni tofauti na kushtukizwa nao. Ila kujua peke yake hakulipi kodi ya Januari.

Sasa turudi kwenye ule mlango uliofungwa.

Aiskrimu ya kawaida dukani ni maziwa, mafuta ya maziwa, sukari, na hewa. Hewa nyingi kweli. Sheria ya Marekani inataka galoni moja ya aiskrimu isipungue ratili 4.5, wakati mchanganyiko wenyewe kabla ya kupigwa hewa ni kama ratili 9 kwa galoni. Maana yake mwenye kiwanda anaweza kukuuzia chombo ambacho nusu yake ni upepo na asiwe amevunja sheria. Ben na Jerry hawakuuza upepo. Aiskrimu yao ilikuwa nzito. Juu ya hapo, Ben ana tatizo la pua, hasikii harufu, na mtu asiyesikia harufu ladha nyingi humpita. Anachotegemea mdomoni ni kutafuna. Jerry alikuwa anapika, Ben anaonja, na Ben akawa anadai vipande vikubwa zaidi vya chokoleti na biskuti. Wateja wakavipenda. Lakini chokoleti ni ghali kuliko hewa, na kila uzani ulioongezeka kwenye koni ulikuwa unatoka mfukoni mwao.

Halafu kukawa na kuchota. Wenyewe wamesimulia mara nyingi kwamba shida kubwa ya duka lile ilikuwa kuchota kupita kiasi. Ukiwa umesimama uso kwa uso na mteja, mtoto ananyoosha shingo kuangalia koni yake, mkono unakuwa mzito. Ukiajiri kijana wa chuo akuchotee, rafiki zake wote watapita pale, na mkono wake utazidi wako.

Tuiweke kwa shilingi ili ionekane. Tuseme unauza kikombe kwa 1,000 na vitu vilivyomo ndani vimekugharimu 600. Kinabaki 400. Fremu yako ni 200,000 kwa mwezi. Ili upate kodi tu, kabla ya umeme na kabla ya kula, unahitaji kuuza vikombe 500. Sasa uwe mkarimu, uongeze robo kwenye kila kikombe. Vya ndani vinakuwa 750, kinabaki 250, na kodi ile ile sasa inataka vikombe 800. Ukarimu ukifika nusu, vya ndani ni 900, unabaki na 100, na kodi inataka vikombe 2,000. Hakuna aliyekuibia na wala bei ya sukari haijapanda. Foleni nayo inazidi kurefuka, kwa sababu habari zimeenea mtaani kwamba kwako ndiko wanakojaza.

Hii ndiyo hatari yenyewe. Duka linalokufa kwa kukosa wateja linakupa taarifa mapema. Unakaa unapiga miayo, unajua kuna shida. Duka linalokufa kwa kujaza vikombe linakuchosha, linakusifia, na hela zinapita mkononi mchana kutwa. Jioni unahesabu noti na kuona siku ilikuwa nzuri. Lakini noti zile ni za muuza maziwa, za mwenye nyumba na za TANESCO. Zimelala kwako tu kwa muda.

Ndiyo maana ile siku ya kufunga naiona kuwa uamuzi bora kuliko yote waliyofanya mwaka ule, kuliko hata kuchagua aiskrimu. Walikuwa na miezi miwili ya mauzo, kwa hiyo hesabu ilikuwa na kitu cha kuhesabu. Na bado ulikuwa msimu wa joto, kwa hiyo kulikuwa na muda wa kusahihisha kabla ya baridi. Wangengoja Novemba wangegundua lile lile wakiwa hawana wateja wa kusahihishia.

Kwa mtu wa huku, kufunga si lazima. Mizani ya jikoni inatosha. Kabla hujafungua, pima sahani yako moja ya chipsi kama unavyotaka iwe, andika uzito. Wiki ya pili, wakati wa haraka, mwombe kijana wako sahani tatu bila kumwambia kwa nini, uzipime. Tofauti utakayoiona ndiyo mshahara wako unakokwenda. Wauza aiskrimu wana vijiko vyenye namba: namba 16 maana yake michoto 16 inamaliza robo ya galoni. Lakini kijiko hicho kinasema kweli pale tu unapokikwangua kiwe sawa na ukingo. Ukiacha kilima juu yake, namba haina maana tena. Kwenye juisi chora mstari kwenye jagi. Na hela ya biashara iwe na laini yake ya simu, tofauti na ile unayotumia kumtumia mama nyumbani, la sivyo hata ukikaa kupiga hesabu hutajua unahesabu nini.

Kitu kimoja sitaki msomaji akiige. Mwanzoni Ben na Jerry walijichukulia kidogo mno kama malipo. Walikuwa vijana wasio na watoto wa kulipia ada, na wangeweza kuvumilia. Mwenye familia akifanya hivyo anajidanganya, kwa sababu duka linaonekana lina faida wakati faida yenyewe ni mshahara wake ambao hajaulipa. Kwenye hesabu ya kikombe, weka kiasi ambacho ungemlipa mtu mwingine kusimama pale ulipo. Kama hapo biashara inakuwa hasara, basi ni hasara, hata kama droo haijaishiwa. Na mkiwa wawili, andikianeni tangu mwanzo nani ana kiasi gani na itakuwaje mmoja akichoka. Mwaka 1982 Jerry aliondoka akahamia Arizona, akarudi miaka kadhaa baadaye. Urafiki wao ulistahimili. Ndugu wengi niliowaona wakifungua duka pamoja bila karatasi hawakufika huko.

Baridi ilikuja kama ilivyotarajiwa. Walibuni punguzo lenye jina refu la kuchekesha: kwa kila digrii moja ya selsiasi chini ya sifuri, bei inashuka senti moja. Nje kukiwa nyuzi kumi chini ya sifuri, koni inapungua senti kumi. Watu hulisimulia kama kichekesho, lakini liangalie vizuri. Punguzo hili linafanya kazi siku zile tu ambazo mteja asingekuja kabisa. Siku ya joto halitolewi hata senti. Linganisha na ofa zetu za mwisho wa mwezi, siku ambayo watu wana hela na wangenunua kwa bei kamili. Tunapunguza pale ambapo hatukuhitaji kupunguza, tarehe 20 mifuko ikiwa mikavu tunarudi kwenye bei ya kawaida. Matangazo yao mengine yalikuwa ya namna hiyo hiyo, ya kutumia walichonacho. Kiangazi cha kwanza waliwaonyesha watu sinema bure, wakitumia ukuta wa kituo chao kama pazia. Mwaka 1979, kusherehekea kutimiza mwaka bila kufunga moja kwa moja, waligawa koni za bure siku nzima, na kampuni imeendelea na desturi hiyo hadi leo.

Hata hivyo vichekesho havikuwatoa kwenye shida. Kilichowatoa ni Ben kuanza kupakia aiskrimu kwenye ndoo na kuzipeleka kwenye mikahawa. Akiwa njiani kutoka mkahawa mmoja kwenda mwingine alikuwa anapita maduka madogo ya vyakula, na safari ilikuwa imeshalipiwa mafuta. Kwa nini yale maduka asiyauzie? Mwaka 1980 walikodi nafasi kwenye kiwanda cha zamani kilichokuwa kinatengeneza vibiringo vya nyuzi, mtaa wa South Champlain, wakaanza kujaza aiskrimu kwenye makopo ya painti moja, karibu nusu lita. Gari la kusambazia lilikuwa Volkswagen ya Ben, kuukuu.

Wengi huitaja hatua hii kama kupanuka. Mimi naiona kama jibu la lile swali la kuchota, hata kama wao wenyewe hawakulipanga hivyo. Kopo la painti likijaa, kifuniko kinafunga. Hakuna mtoto anayenyoosha shingo, wala rafiki wa kijana wa chuo. Kila kopo lina kiasi kile kile, kwa hiyo kwa mara ya kwanza waliweza kujua gharama ya kitu kimoja wanachouza, kukipangia bei, na bei hiyo ikabaki kuwa kweli kuanzia Jumatatu hadi Jumapili. Na kopo halijali baridi sana: watu wa Vermont hawasimami kwenye theluji kulamba koni, ila nyumbani, karibu na jiko la kuni, aiskrimu wanakula. Yale matatizo mawili ya duka, mkono na majira, yakapungua kwa wakati mmoja. Vile vipande vikubwa vya chokoleti sasa vikawa ni sababu ya kuuza kopo ghali kuliko la jirani, badala ya kuwa shimo la hasara.

Mambo yaliyofuata ni ya kampuni kubwa, nayapita haraka. Mwaka 1984 walihitaji fedha za kujenga kiwanda, wakawauzia hisa wakazi wa Vermont peke yao, kima cha chini dola 126, ili hata mtu wa kipato cha kawaida aingie.

Ukitaka kuifuata ile njia ya makopo huku kwetu, maana wapo wengi wanaotoka kwenye kibanda na kuanza kupeleka maandazi, krisipi za ndizi au siagi ya karanga kwenye maduka ya mtaa, ujue kwamba unabadilisha tatizo moja kwa lingine. Kibandani mteja analipa kabla hajaondoka. Dukani utaambiwa ulete kwa mali kauli, ulipwe vikiisha. Maduka kumi yakikushikilia mzigo wa wiki mbili, mtaji wako wote uko kwenye rafu za watu na unga wa kesho huna. Anza na maduka mawili au matatu, yaliyo kwenye njia unayopita kwa shughuli nyingine. Andika tarehe ya kila mzigo na sahihi ya aliyepokea. Bei ya jumla iwe imeshabeba gharama ya pakiti, lebo, nauli na vile vitakavyorudi vimeharibika. Ukiona baada ya kutoa hivyo vyote kinachobaki kwa pakiti ni kidogo kuliko kinachobaki kibandani, hilo si tatizo ilimradi pakiti ni nyingi na hela inarudi. Isiporudi, sitisha mzigo wa duka hilo mpaka deni liishe, hata kama mwenye duka ni shemeji yako.